Mpangaji wa Aliyeshindwa

Tangu majina ya wagombea yabandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji hadi asubuhi ya baada ya kura, niliamini kabisa kwamba katika kijiji kile uchaguzi ukiisha, mpangaji mgeni wa mgombea aliyeshindwa hubeba godoro lake na kuhamia kwa mshindi. Niliamini kama ninavyoamini kwamba maji yakiwekwa motoni yatachemka. Wagombea wa uenyekiti wa kijiji walikuwa wawili. Mwenye mpangaji mgeni alikuwa mmoja. Mpangaji mwenyewe nilikuwa mimi. Kwa hesabu hiyo niliona wazi kwamba uchaguzi ule ulinihusu mimi kuliko mtu mwingine yeyote chini ya jua, wagombea wenyewe wakiwemo.

Msinicheke kwanza. Ngojeni niwaeleze nilifikaje hapo.

Mimi ni mtu wa Taveta, upande wa Kenya. Ni fundi wa mitambo, na elimu yangu niliipata shule ya usiku: mchana nakaza boliti, jioni nakaza ubongo. Cheti changu nimekitia plastiki na hadi leo nasafiri nacho kama wengine wanavyosafiri na mswaki. Katika somo la uraia nilipata alama ambazo mwalimu alisema hajawahi kuziona tangu aanze kufundisha. Sikumwuliza hajaziona kwa upande gani.

Manyoni nilikuja kwa ajili ya mashine ya kukamua alizeti. Tajiri mmoja alikuwa ameinunua ikiwa imeshatumika, akaileta kijijini, sio mbali na Kintinku, ikafika pale ikagoma. Nilipoifungua nilikuta panya ndani, na si panya tu, ukoo mzima, wana babu na bibi na nadhani na mwenyekiti wao. Nilisema ni kazi ya wiki chache. Msimu wa kukamua ukaja ukapita, mashine ikawa inanguruma vizuri hadi mabati ya jirani yanaitikia, na mimi bado nipo. Sababu haikuwa mashine. Ilikuwa ni nyumba niliyopanga.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mjane, Mgogo wa pale pale, mkulima wa mtama na mfugaji, mwenye sauti ya kumsimamisha ng'ombe aliyeko bonde la pili. Watoto wake walikuwa Dodoma masomoni, akanipangisha chumba chao. Siku ya kwanza nilitoka uani, nikaona birika jikoni, nikasema kama tunavyosema kwetu:

"Mama, nipe chai."

Akanitazama kana kwamba nimempiga kibao.

"Kwenu hawaombi?"

"Si ndiyo nimeomba hivyo, mama."

"Hapo umeamuru. Leo utakunywa kwa sababu u mgeni. Kesho utaomba."

Kesho yake nikasema, "Naomba chai, mama," kwa unyenyekevu wa bwana harusi. Akacheka, akatoa kikombe cha bati chenye ua jekundu ubavuni, akasema hicho kitakuwa changu. Tangu siku hiyo sikula tena chumbani peke yangu. Jioni nilikaa naye mkekani, ugali wa uwele katikati na mlenda unaoteleza wenyewe bila kusukumwa, akinifundisha kuitikia "mbukwa," salamu ya Kigogo, na kunisahihisha kila siku kana kwamba sijawahi kufundishwa. Nimepanga vyumba vingi maishani, na kote nilikuwa kodi yenye miguu. Pale nilikuwa na kikombe.

Basi mjue ninaposema niliogopa kuhama, niliogopa kitu gani.

Habari za uchaguzi zilipoanza, mimi nilifanya nilichozoea kwetu, ambako uchaguzi huweza kufunga maduka: nilinunua unga. Nikanunua na mishumaa, viberiti na chumvi ya kutosha kukausha tembo. Mama mwenye nyumba akanikuta nashusha mzigo.

"Kuna njaa inakuja ambayo serikali haijatuambia?"

"Ni uchaguzi, mama."

"Uchaguzi unakula ugali?"

"Najiandaa tu."

"Haya. Ukimaliza kujiandaa, nenda kawafungie ndama. Na mimi nina jambo la kukwambia. Nimechukua fomu."

Ndivyo nilivyojua kwamba anagombea. Alikuwa na ajenda moja tu: lambo la kunyweshea mifugo lililojaa tope hadi ng'ombe wanakunywa kwa kupokezana. Alitaka lichimbwe upya. Mpinzani wake, wa chama kingine, alikuwa mzee mstaafu wa reli, mtu mpole, ajenda yake ni barabara ya kwenda stesheni, ambayo mvua zikianza huwa inapitika kwa bata peke yao.

"Ila wewe," mama akaniambia, "ni mgeni. Kura huna, kampeni si yako. Usivae rangi ya mtu, usishike bango la mtu. Utakaa kwa heshima zako."

"Nimekuelewa, mama. Hata somo la uraia linasema hivyo."

"Mimi ndiye ninayesema hivyo."

Nikakaa kwa heshima zangu. Na ningekaa hivyo kwa raha hadi mwisho kama suruali yangu isingechanika.

Fundi cherehani wa kijiji alikuwa anashonea barazani mbele ya duka, mzee Mnyamwezi ambaye babu yake alikuja na kazi ya reli, akabakia. Nikampelekea suruali. Alikuwa amezungukwa na vitambaa vya rangi za vyama vyote, anawashonea wote bila ubaguzi. Akaniangalia juu ya miwani.

"Jirani," akasema, maana Mkenya alimwita hivyo, "umeshafunga mizigo?"

"Mizigo ya wapi, mzee?"

"Hujaambiwa? Yule Mgogo wako akishindwa, wewe unahamia kwa mstaafu."

"Kwa nini?"

"Mila. Mgeni halali kwa aliyeshindwa. Uongozi ukihama, mgeni anahama nao. Kijiji kitajuaje kwamba mwenyekiti ni yule, kama mgeni bado yuko kwa huyu?"

Mama aliyekuwa anauza vitumbua pembeni hakuinua hata macho kwenye kikaango. "Ni kweli, baba," akasema. "Uchaguzi uliopita si bwana mifugo alihamishwa? Alikuwa amepanga kwa mgombea aliyeanguka. Kura zilipohesabiwa tu, huyo, na kitanda kichwani."

"Na meza," fundi akaongeza.

"Na meza. Alikuwa analia."

Sasa bwana mifugo, yule wa kuchanja ng'ombe, kweli alikuwa amehama nyumba baada ya uchaguzi uliopita. Hilo nililithibitisha kwa watu wengine, na wote walisema ndiyo, alihama, alibeba kitanda. Nikaona ushahidi umekamilika. Na mwalimu wetu wa shule ya usiku alituambia kila mara kwamba ukifika ugenini mila usibishane nayo, itazame. Nikaitazama. Ikanitazama pia.

Mtasema, si ungemwuliza mama mwenyewe? Ningemwuliza vipi? Mtu yuko katikati ya kampeni, umwendee umwambie, "Mama, ukishindwa mimi nitalala wapi?" Huo si uchuro? Badala yake nikaenda kukagua makazi yangu mapya.

Nilikwenda kwa mstaafu kwa kisingizio cha kumtazamia baiskeli yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, akaniletea soda. Nilikaza mnyororo huku jicho likizunguka. Chumba cha uani kilikuwa na mkaa hadi kwenye paa. Mkaa ule ungetosha kupika ubwabwa wa mkoa mzima. Kulikuwa na mbwa wawili wenye shingo kama za fahali. Na kulikuwa na filimbi. Mzee yule, kwa mapenzi ya kazi yake ya zamani, kila alfajiri alitoka mlangoni akapuliza filimbi kama anayeruhusu treni kuondoka. Majirani zake walikuwa wameizoea. Mimi kwa mama nilikuwa naisikia kutoka upande wa pili wa kijiji na bado ilikuwa inanikalisha kitandani. Nikajiona nalala juu ya mkaa, mbwa huku, mbwa kule, na filimbi sikioni. Nikaondoka hata soda niliyoletewa sikuimaliza.

Halafu ukaja mkutano wa kampeni wa mama, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Jamani, watu! Nadhani Manyoni nzima ilibaki na paka tu. Wanawake walikuja na ngoma zao ndefu za muheme, wakazibana mapajani na kuzipiga hadi vumbi likainuka kucheza nao. Spika ilikuwa moja, imefungwa juu ya trekta, lakini ilitoa sauti ya spika kumi na mlio wa chuma juu yake. Bibi vizee walikuwa wanacheza kwa mabega kama wasichana. Watu wa chama cha mstaafu nao walikuwepo, wamevaa rangi zao, wanacheza vilevile, kwa sababu ngoma haikuwa na kosa lolote.

Mimi nilikuwa nimesimama mbali, karibu na zizi, kwa heshima zangu. Mama alipopanda kwenye trekta na kuanza kusema habari za lambo, fundi cherehani akasimama katikati ya watu, mkono juu.

"Wananchi, msimpe kura huyu! Babu zetu walipita nchi hii na mizigo, wana kiu, na babu zake wakawatoza hongo, ushuru wa kupita, kwa maji ya dimbwi! Mkimpa lambo, atatutoza mpaka kivuli!"

Nikajua damu itamwagika. Mama akakishika kipaza sauti kama anayekaba koo la jogoo.

"Mnyamwezi, kaa chini! Babu wa babu yako alipita hapa na mzigo kichwani, akachoka, akautua. Mzigo wenyewe ni wewe! Mpaka leo tunangoja waje kukuchukua!"

Watu wakalipuka. Mimi nilikuwa nimeshavua viatu ili nikimbie vizuri. Kwetu maneno kama yale yakitoka kwenye jukwaa, mtu mwenye akili huwa tayari yuko kwake na mlango umefungwa. Lakini hakuna aliyekimbia. Ngoma zikaanza tena, fundi akakaa chini akijifuta machozi, nikadhani ni ya hasira.

Jioni yake ndiyo iliyonimaliza. Tumekaa mkekani, yule fundi akaingia uani bila hodi, akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua chungu, akatoa paja la kuku, tena la kuku wa Singida ambaye kwa utamu angeweza kuwa na chama chake mwenyewe. Akala amesimama.

"Mwizi!" mama akapiga kelele, akamfuata na mwiko.

"Nachukua hongo ya babu yangu!"

"Weka hapo! Mbeba mizigo wewe!"

Wakazunguka nyumba mara ngapi sijui, yule na paja, huyu na mwiko, hadi fundi akatokea upande wa zizi na kuyoyoma. Mama akarudi anahema, uso unang'aa. Nikasema moyoni, hawa watauana kabla ya siku ya kura. Na nikazidi kuamini habari ya kuhama. Nilijiambia kwamba mtu anayemchukia mama kiasi kile hawezi kuwa na sababu ya kunificha mabaya yanayomngoja. Hii ndiyo mantiki yangu ya shule ya usiku. Ilinipa alama zile.

Siku ya kura niliamka kabla ya filimbi. Watu walikuwa wameshajipanga shuleni, wamevaa kama Idi na Krismasi zimegongana: kanga mpya, makoti ya harusi, viatu vinavyobana. Bibi mmoja aliletwa na pikipiki, amevaa miwani ya jua ya mjukuu wake, akishuka anapigiwa vigelegele. Waliotoka kupiga kura hawakuondoka. Walikaa upande wa pili wa uwanja wakila miwa na kubishana kwa kicheko nani atalia leo. Mimi nilisimama nje ya ua wa shule, mikono nyuma, kama mzazi anayengoja matokeo ya mtoto. Niliona kila mtu akiingia na nguvu yake ndogo mkononi, akiitumbukiza na kutoka. Nimesoma habari zake darasani na nimeandika insha juu yake. Sikuwahi kuiona ikinipitia mbele hivi, kila karatasi moja ikinisogeza karibu na mkaa au karibu na kikombe changu, na mimi siruhusiwi hata kukohoa.

Fundi cherehani alipita karibu yangu.

"Jirani, umeshamwuliza mstaafu godoro litaingia mlangoni?"

"Mzee, niache."

"Lipime kwanza. Mlango wake ni mwembamba."

Alasiri wakahesabu. Walipotangaza, mama alikuwa ameshindwa. Si kwa mbali. Angekuja ukoo mmoja zaidi kutoka machungani, mambo yangegeuka. Lakini ameshindwa.

Nilimwangalia. Alifunga kanga yake upya kiunoni, akatembea katikati ya uwanja hadi kwa mstaafu, akampa mkono wa kulia na wa kushoto juu yake.

"Mwenyekiti, barabara yako nitapita. Na lambo utachimba."

"Tutachimba wote, mama. Wewe utanisimamia."

"Hapo hukukosea."

Akapiga kigelegele yeye mwenyewe, wa kwanza, kirefu, hadi wanawake wakashindwa kubaki kimya, ngoma zikaamka. Fundi cherehani akajitupa chini kwenye vumbi, akawa anagaagaa. "Nimefiwa! Mgogo wangu amekufa! Nani atanitoza maji sasa?" Mama akamrushia vumbi kwa mguu. Kijiji kizima kilicheka, walioshinda na walioshindwa. Mtu pekee aliyekuwa na machozi ya kweli uwanjani pale alikuwa raia wa Kenya.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa ameshakwenda kukamua ng'ombe. Nikakunja godoro, nikalifunga kwa kamba ya katani, nikalibeba kichwani. Mkono mmoja ulishika sanduku la spana na mwingine cheti changu. Unga wangu wote niliuacha jikoni, na kikombe nikakiosha nikakifunika juu ya meza, kwa kuwa kilikuwa cha nyumba, hakikuwa cha godoro. Ndama mmoja alinisindikiza hadi mlangoni. Sitaki kusema nilimwambia nini.

Nilipita katikati ya kijiji. Watu waliniamkia, wakaliangalia godoro, wakaanza kunifuata. Nilipofika kwa mstaafu nilikuwa na msafara ambao mgombea yeyote angeuonea wivu. Mbwa wawili walinibwekea kama wamenisubiri maisha yao yote. Mwenyekiti mpya akatoka, filimbi bado iko shingoni.

"Shikamoo, mzee. Hongera."

"Marahaba, mwanangu. Safari?"

"Hapana, mzee. Nimefika."

"Umefika wapi?"

"Hapa. Nimehamia, kama mila inavyotaka."

Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama godoro. Nitawasifu watu wale hadi nife: hawakucheka, na hawakunifukuza. Mzee akasema kwa upole wake ule, "Basi karibu. Chumba kina mkaa, lakini tutautoa." Na mkewe akaenda kuchukua koleo! Walikuwa wameshaanza kubeba gunia la kwanza, mimi nimekaa juu ya godoro langu na chai mkononi ambayo sikuwa na hamu nayo kwa sababu kikombe hakikuwa na ua, niliposikia nyuma ya watu sauti ile ya kusimamisha ng'ombe.

Mama mwenye nyumba alikuja na jembe begani, maana mvua ilikuwa karibu na alikuwa njiani kwenda shamba. Nyuma yake fundi cherehani alikuwa anatembea kwa kushikilia mbavu, anacheka hadi hana sauti.

"Mkenya, unafanya nini hapo?"

"Nimehama, mama. Umeshindwa."

"Nimeshindwa, ndiyo. Sasa?"

"Mgeni halali kwa aliyeshindwa. Hata bwana mifugo..."

"Nani amekwambia?"

Nikanyoosha kidole kwa fundi. Fundi akakaa chini kabisa. Mama akamtazama, akanitazama, akatua jembe.

"Huyu ni mtani wangu," akasema. "Wagogo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za mababu, ananitukana, namtukana, ananiibia kuku, na nikifa yeye ndiye atakayelia kwa nguvu kuliko wote. Alikudanganya. Mila hiyo haipo. Bwana mifugo alihama kwa sababu alioa. Hapa mtu akishindwa anampa mwenzake mkono, halafu anakwenda kulima, na mpangaji anakaa alikopanga. Mwombe mwenyekiti radhi, mrudishie mkaa wake chumbani, ubebe godoro lako urudi nyumbani."